Wakazi Wote

Camp Brook, Kaunti ya Essex, New Jersey
20 Januari 1807

Mdogo wangu Jotham,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima wewe, wifi yangu Rhoda na watoto. Huku tunapumua, ila baridi imetukaba. Kisima kimeganda mara mbili wiki hii. Ng'ombe mwekundu amezaa kabla ya siku zake, na ndama nimemlaza jikoni karibu na moto; ananitazama kama mimi ndiye niliyemzaa. Soksi za watoto nimemaliza kufuma, natafuta mtu wa kuzileta.

Sasa sikia vituko vya kwetu. Essex nzima imeacha kazi kwa sababu ya jengo la mahakama. Newark wanataka lijengwe kwao, Elizabethtown wanataka liende upande wao, na kura itapigwa tarehe kumi na kumi na moja mwezi ujao. Jumapili iliyopita kanisani ndugu wawili wa tumbo moja walikaa mabenchi tofauti. Nasikia kinyozi mmoja wa Newark alimnyoa mtu shavu moja, akagundua ni wa Elizabethtown, akamwambia shavu la pili akanyolewe kwao.

Mimi kura yangu nitapiga, kama kila mwaka tangu Amos aliponiacha mjane. Nitakwenda na Prime Oakley, yule jirani yangu fundi mapipa. Utamkumbuka, mtu mweusi aliyejinunulia uhuru wake, kisha akanunua nyumba iliyopakana na shamba langu la matufaha. Kila mwaka tunakwenda pamoja, na kila mwaka hatuambiani tumempigia nani.

Bwana Enos Hallam amekuja tena kunichumbia. Safari hii alileta bata mzinga. Bata mzinga nimempokea.

Dada yako,
Keturah Tuttle


Bridgeton, Kaunti ya Cumberland
9 Februari 1807

Mpendwa Dada,

Barua yako imekaa njiani siku kumi na saba, kwa hiyo najua jibu langu litakukuta kura imekwisha na mshindi ameshalewa. Naandika hivyo hivyo. Sisi hatujambo. Rhoda anakohoa lakini anakula. Binti yetu Submit ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anapiga mluzi mezani. Wote wanamwamkia shangazi yao na wanataka habari za ndama.

Dada, huyu Bwana Hallam. Huwezi kula bata mzinga wa mtu halafu ukamnyima jibu. Ana shamba, hanywi kupita kiasi, na meno yake yote anayo. Wewe una miaka hamsini na mmoja. Juzi nilikuwa nawasimulia watu dukani, mmoja akauliza, "Kwani anangoja nini?" Tafadhali isiwe ni kura. Najua mke wa mtu hana mali kisheria, na asiye na mali ya pauni hamsini hapigi kura. Lakini mtu anaweza kweli kukataa mume kwa ajili ya kikaratasi kimoja kwa mwaka?

Hiyo ya mahakama ningekushauri usiende. Patakuwa na ngumi.

Kuna wazee hapa wamenijia mara mbili, wanataka nigombee Bunge la jimbo kule Trenton mwezi wa Oktoba. Nimekataa mara zote mbili. Wakija mara ya tatu sijui.

Mdogo wako akupendaye,
Jotham Lyon


Camp Brook, 3 Machi 1807

Mdogo wangu,

Ni kweli, mshindi alikuwa ameshalewa. Namshukuru Mungu kwa Rhoda. Ndama amekufa, waambie watoto ameuzwa kwa watu wazuri. Na watu wa dukani usiwasimulie habari zangu. Simulia zako.

Kura ilikuwa hivi. Siku ya kwanza nilitoka mapema na Prime. Barabara imejaa magari ya farasi kama siku ya soko. Bwana Silvanus Crowell, msimamizi wa kura wa kata yetu, alikuwa amekaa na sanduku lake akaniambia, "Mama Tuttle, mwaka huu umewahi."

Nikamwambia, "Nimewahi kwa sababu nasikia hata walioko makaburini wanakuja."

Jotham, nilisema kwa utani, lakini ulikuwa ukweli mtupu. Watu walipiga kura hapa, wakapanda gari, wakapiga kata ya pili, wakanywa, wakaenda ya tatu. Nilimwona mwanamke mmoja mrefu kama mlingoti, kofia imemfunika macho, anatembea kama anayeogopa kukanyaga yai. Prime akainama, akaninong'oneza, "Mama Tuttle, huyo dada amenyoa ndevu leo asubuhi." Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kata yetu haina watu mia tatu wenye haki ya kupiga kura. Sanduku lilitoa kura zaidi ya mia saba. Newark wameshinda, kengele zimelia, mioto imewashwa vilimani. Mimi nilitaka Newark, kwa hiyo nimeshinda.

Siku ya pili Kapteni Ransley wa wanamgambo alipita na gari lililojaa wanawake, akasimama langoni kwangu. Alinisalimia, nikamsalimia. Upepo ulikuwa mkali.

Soksi anazileta muuza sufuria. Za Submit ndizo zenye mstari mwekundu.

Keturah


Bridgeton, 2 Juni 1807

Mpendwa Dada,

Nisamehe kimya hiki. Kikohozi cha Rhoda kilishuka kifuani mwezi wa Machi, na kwa wiki sita sikujua kama nitabaki na mke. Sasa anakaa kitini, anatukaripia sote, basi tunajua amepona. Soksi zimefika. Submit hataki kuzivua hata kulala.

Huku kwetu Essex imekuwa kichekesho. Kila mtu ana kisa chake cha mwanamume aliyevaa sketi. Lakini wako wasiocheka. Bunge litaifuta kura yenu, hilo halina ubishi, na wakubwa wanasema lawama ni za wanawake na watu weusi, kwamba wao ndio waliobebwa kwenye magari kama magunia. Mwanasheria mmoja kutoka Trenton alisema mezani kwangu kwamba wajane wa Essex walipiga kura mara mbili, mara tatu, kwa majina ya mama zao na bibi zao. Nilimwambia dada yangu anaishi huko, naye ni mtu wa heshima. Akatabasamu tu.

Dada, niandikie kwa mkono wako kwamba wewe hukuwemo. Nataka nimfumbe mdomo.

Wale wazee walikuja mara ya tatu. Nimekubali kugombea.

Jotham


Camp Brook, 6 Julai 1807

Mdogo wangu,

Nimepiga magoti kwa ajili ya Rhoda. Asinyanyue ndoo mpaka vuli, na mumewe akumbuke kwamba naye ana mikono. Matufaha mwaka huu yamejaa hata matawi nimeyawekea miti ya kuyaegemeza. Prime ameshaanza mapipa yangu. Bwana Hallam alikuja na kiti alichokitengeneza mwenyewe. Kinayumba.

Juzi ilikuwa sherehe ya Uhuru, hotuba ndefu na jua kali. Nilikuwa sisikilizi. Nilikuwa naiwaza Julai ile ya mwaka 1776. Wewe ulikuwa na miaka tisa, mama yuko kaburini mwaka wa pili. Meli za Mfalme wa Uingereza zilikuwa zimeonekana pwani, na wale mabwana kule Burlington waliandika katiba ya jimbo letu kwa siku mbili, kama watu wanaofunga mizigo nyumba inaungua. Baba alileta gazeti kutoka mjini, akalisoma kwa sauti hapo jikoni, mikono yake inanuka ngozi. Akafika pale panaposema watakaopiga kura ni "wakazi wote" wenye umri kamili na mali yao. Akapasoma tena.

Mjomba Ezra akasema, "Wamesahau kuandika wanaume."

Baba akamjibu, "Kama wamesahau, Mungu awasahaulishe zaidi." Halafu akanitazama mimi. Ulicheka ukaanguka kutoka kwenye stuli, ingawa sidhani ulielewa.

Mimi nilielewa. Nilingoja miaka ishirini na miwili, na ilibidi mume wangu afe kwanza, lakini siku ile nilipoitia karatasi yangu sandukuni nilisikia sauti ya Baba.

Ukienda Trenton, nakuomba kitu kimoja. Neno lile msiliguse. Niahidi.

Keturah


Bridgeton, 22 Oktoba 1807

Mpendwa Dada,

Mdogo wako sasa ni Mheshimiwa. Nimeshinda kwa kura tisa! Rhoda analia na kunishonea shati kwa wakati mmoja. Wajane watatu wa dhehebu la Kikweka kutoka kata ya chini walikuja kunipigia, wamevaa kijivu kitupu, hawakusema neno zaidi ya jina langu. Watoto wanakusalimu. Nimekutumia kwa mkokoteni wa chumvi kipipa kidogo cha chaza wa siki. Usimpe Hallam wote.

Naondoka kesho kutwa kwenda Trenton. Barua yako ya Julai nimeisoma mara nyingi. Baba alikuwa mtu wa moyo mkubwa. Lakini alikuwa mtengeneza ngozi, Dada, siyo mwanasheria, na zama zile zilikuwa za vita. Hata ile Katiba kubwa iliyoandikwa Filadelfia baadaye imeliachia kila jimbo liamue lenyewe ni nani apige kura. Mambo haya yana pande nyingi. Nitafanya litakalofaa.

Lile nililokuuliza mwezi wa Juni hujanijibu.

Jotham


Camp Brook, 4 Novemba 1807
Kwa Mhe. Jotham Lyon, Bungeni, Trenton

Jotham,

Mzima mimi, mzima Prime, chaza wamefika. Leo sina salamu ndefu. Gazeti linasema mswada umeletwa wa kuwaondoa wanawake na watu weusi kwenye kura. Kwa hiyo nakujibu.

Nilikuwemo.

Siku ile ya pili Kapteni Ransley aliposimama langoni, aliniambia, "Mama Tuttle, wale wa upande wa pili wanavaa sketi za wake zao wanapiga kura. Ukikaa hapa na heshima yako, wao watakuwa wanawake kuliko wewe." Gari zima likacheka. Nami nilicheka. Nilikuwa na hasira tangu jana yake, kuona kura yangu moja imezama kwenye uongo ule wote kama tone la maziwa mtoni. Nikachukua shali nikapanda. Tukaenda kata ya jirani. Waliponiuliza jina nikasema Keturah Lyon. Nilitumia jina la baba yetu, na mkono wangu haukutetemeka. Msimamizi alikuwa mzee, akasema, "Binti wa Lyon mtengeneza ngozi! Baba yako alikuwa mtu mwaminifu kuliko wote niliowajua. Karibu, mama." Akanifungulia njia.

Sijalala vizuri tangu Februari.

Nimekosa. Kama kuna adhabu, mnipe. Nitakuja Trenton kusimama mbele yenu nyote mkitaka. Lakini nisikilize. Kapteni Ransley alipiga kura mara tano, mwenyewe anajisifu kwa hilo baani. Yule mlingoti mwenye sketi alikuwa mwanamume. Wasimamizi waliofumba macho wote walikuwa wanaume. Mbona sijasikia mswada wa kuwaondoa wanaume?

Na Prime Oakley alipiga mara moja, akarudi kwenye mapipa yake.

Jambo jingine, na hili uwaulize wanasheria wako. Sheria mnaitunga ninyi kwa mikono iliyonyanyuliwa siku moja. Katiba ndiyo iliyowapa hivyo viti. Sheria inawezaje kuitoa katiba neno mdomoni? Kama neno hili linatoka hivyo, kesho litatoka lipi?

Barua hii ni yako peke yako. Ukishaisoma ichome.

Dada yako


Trenton, 18 Novemba 1807

Mpendwa Dada,

Natumaini u mzima. Huku mvua haikatiki, na nyumba ya wageni inatupa nyama ya nguruwe asubuhi, mchana na jioni. Tunalala wanne chumba kimoja, na mheshimiwa mmoja wa Sussex anakoroma. Rhoda ameniandikia, wote wazima.

Barua yako niliipata. Nashukuru kwa kuniamini.

Sheria ilipita juzi Jumatatu. Kuanzia sasa wapiga kura ni wanaume weupe, raia huru. Wabunge waliokuwa upande wa hiyo sheria walikuwa wengi mno. Mtu mmoja asingeweza kuzuia. Maneno yenyewe yanasema tu kwamba kulikuwa na mashaka kuhusu maana ya katiba, na sheria inayaondoa. Wengi walieleza kwamba hii ni kwa ajili ya amani na heshima ya wanawake wenyewe.

Nitaandika vizuri zaidi nikitulia. Vaa vizuri, baridi inakuja.

Jotham


Camp Brook, 12 Desemba 1807

Bwana Lyon,

Nasikia theluji imefika hata kwenu. Huku imefika magotini.

Prime alikuja Jumanne na gazeti. Anajua kusoma kuliko wengi wa kanisani kwetu, lakini alinipa mimi nisome, akatoka nje akasimama kwenye theluji mpaka nilipomaliza. Wameandika hotuba za bungeni. "Mheshimiwa mmoja kutoka kaunti za kusini alisema hazungumzi kwa uvumi. Alikuwa na barua mkononi kutoka kwa mjane wa Essex, mwanamke wa familia njema, akasoma sehemu yake: *Nilitumia jina la baba yetu, na mkono wangu haukutetemeka.* Ukumbi ulinyamaza. Mheshimiwa akauliza: kama wanawake bora kabisa wamefikia hapa, tutegemee nini kwa waliobaki?"

Yale ya Kapteni Ransley uliyasoma? Yale ya Prime? Lile swali langu la katiba? Au karatasi ilikuwa imechanika hapo?

Chini yake wameorodhesha majina ya waliosema ndiyo. Lako ni la kumi na nne.

Nilikuogesha wewe kwenye beseni. Nilikufundisha kuandika hilo jina.

K. Tuttle


Bridgeton, 9 Januari 1808

Mpendwa Dada,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nianze na watoto: wote wazima, na Submit ameota meno. Rhoda hasemi na mimi. Alikuta gazeti lile kwenye mfuko wa koti langu.

Sikutaja jina lako. Hakuna anayejua. Siku ile watu walikuwa wananitazama, Dada. Nilikuwa mgeni, nimeshinda kwa kura tisa, hakuna aliyewahi kunisikiliza, na barua ilikuwa mfukoni. Nilisimama nikiwa nataka kusema jambo jingine. Naapa nilitaka kusoma yale ya Ransley. Nikaanza na ya jina la Baba, na walipokaa kimya nilijua hawajawahi kunyamazia mtu hivyo. Nikauliza lile swali, nikaketi hapo hapo.

Walikuja kunipa mkono. Wakubwa walikuja kunipa mkono.

Nijibu, hata kwa matusi.

Jotham


Bridgeton, 20 Aprili 1808

Dada,

Hii ni ya tatu tangu Januari. Ile ya Machi ilirudi haijafunguliwa. Rhoda anasema nisiandike, nije. Mimi naogopa kuja. Hapa watu wananiheshimu kuliko zamani. Napita dukani wananivulia kofia, nami natembea haraka kama mtu anayekimbia mvua. Nikiwaona wale wajane wa Kikweka nabadilisha njia.

Mbegu za maboga ziko ndani ya bahasha hii. Zipande hata kama hunisamehi.

Jotham


Camp Brook, 15 Oktoba 1808

Jotham,

Barua zako za Januari na Aprili nilizisoma. Ya Machi niliirudisha kwa sababu siku hiyo nilikuwa na hasira. Maboga yametoka makubwa. Mbusu Rhoda kwa ajili yangu. Ameniandikia mara nne bila wewe kujua, na ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Ulisema hakuna anayejua ni nani yule mjane. Sasa wanajua. Mwezi Mei nilisimama kanisani baada ya mahubiri, nikawaambia mimi ndiye, nikasema nilikwenda kata gani, kwa gari la nani, na kwa jina gani. Kapteni Ransley alikuwa benchi la tatu, masikio yakawa mekundu. Wazee wa kanisa walininyima Meza ya Bwana kwa miezi mitatu. Niliikubali adhabu hiyo. Nilikaa nyuma karibu na mlango Jumapili zote hizo, na usingizi ukanirudia. Bwana Hallam alisema hadharani kwamba ananisamehe na sasa, kwa kuwa kura haipo tena, hakuna cha kutuzuia. Nilimwambia kura haikuwa inamzuia yeye, ilikuwa inanisaidia mimi kuwa na kisingizio cha adabu. Amemwoa mama mmoja wa mji wa Orange. Nilipeleka pai.

Jumanne ilikuwa siku ya kura. Nilivaa shali yangu nzuri. Nilipotoka nikamkuta Prime langoni, koti limepigwa pasi, stakabadhi ya kodi mkononi. Hatukuwa tumepanga. Tukaenda pamoja.

Bwana Crowell alikuwa pale pale na sanduku lake. Alituona tangu mbali, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mama Tuttle," akasema, "usinifanyie hivi."

"Sijakufanyia kitu. Nimekuja kupiga kura."

"Unajua sheria."

"Naijua. Na katiba naijua. Bado inasema wakazi wote, hakuna aliyelifuta neno. Na mimi bado nakaa pale pale."

Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ulipiga mara mbili. Umesema mwenyewe." Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Ndipo Prime akasogea mbele. Amekaa katika kata hii miaka kumi na tisa, Jotham, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Hakuipaza hata siku hiyo.

"Bwana Crowell, mwaka ule wa mahakama nilipiga mara ngapi?"

"Mara moja, Prime."

"Na mwaka uliotangulia?"

"Mara moja."

"Kuna mwaka wowote uliniona nikipiga mara mbili? Nimewahi kuja nimelewa? Kodi yangu imewahi kuchelewa?"

"Hapana. Sijasema hivyo."

"Basi niambie nimekosa nini, ili nikatubu kanisani kama Mama Tuttle."

Crowell alitazama meza. Kwenye mstari walikuwemo watu waliotengenezewa mapipa yao na huyu huyu Prime kwa miaka yote. Halafu nyuma yetu mtu akasema, "Jamani, tupisheni." Alikuwa Kapteni Ransley. Alinyoosha mkono wake juu ya bega la Prime, akatia karatasi yake sandukuni, na Crowell akaandika jina lake bila kumtazama usoni.

Tulisimama pale mpaka walipofunga, na siku ya pili tukasimama tena. Hakuna aliyetufukuza, na hakuna aliyetujibu.

Sasa, kuhusu wewe. Unaniomba msamaha kwa karatasi, na mimi karatasi nimechoka nazo. Najua zinavyoweza kusomwa nusu. Wewe na mimi tutazungumza hapa jikoni, ana kwa ana, na utaniambia ulivyojisikia walipokuja kukupa mkono, nami nitakuambia nilivyojisikia nilipofunguliwa njia kwa jina la Baba. Nadhani tulijisikia sawasawa, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Njoo na Rhoda. Njoo na Submit.

Lakini deni unalodaiwa na mimi ni dogo. Nilikosa, nikaadhibiwa, nimemaliza. Lipo jingine.

Barua hii haikuja kwa posta. Prime anakuja Cumberland kununua mbao za mwerezi, na nimempa aitie mkononi mwako. Nilimsomea yote kabla sijaifunga, akasema sawa. Kwa hiyo unapoyasoma haya amesimama mbele yako, kofia mkononi, amesafiri siku nne. Mkaribishe ndani. Mpe kiti, na Rhoda amletee kitu cha moto.

Halafu swali la mwisho alilomuuliza Crowell atakuuliza wewe. Usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Dada yako,
Keturah